Mulisha Moto wa Treni ya Kalemie

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa tatu

Nimetwanga majani ya sombe. Nimeanika muhogo. Nimegeuza Muzee kitandani. Kila siku ni vile. Baba yangu amebakia mifupa na sauti tu, lakini sauti ingali na nguvu ya kugombana. Jana uji ilikuwa moto sana, leo iko baridi sana.

Mama Sifa wa jirani alikuja kuomba chumvi. Nikamupa, na habari ya Riziki juu yake. Binti yangu iko anamaliza universite kule Kalemie. Mémoire yake, kitabu ya kumaliza masomo, ni juu ya treni ya moshi ya kubeba batu, namna ilianza pale bandarini zamani za Babeleji. Mama Sifa akasema, "Mama Riziki, hiyo treni yako siku moja itanigonga hapa hapa jikoni." Wivu. Binti yake yeye aliachia ku masomo ya msingi.

Ijumaa, tarehe 7

Riziki amepiga telefone. Nimelia, nimecheka, nimelia tena.

Amepata mama mumoja muzee sana kule Kalemie, binti ya mutu aliyekuwa anaendesha treni. Huyo mama alimueleza yote. Kwanza treni ilibeba mizigo na basoda ba vita ya bazungu. Halafu bakaifunga mabehewa ya batu. Bazungu ku viti, na madirisha. Batu beusi mu behewa ya mizigo, kila mutu amekalia gunia yake, cheche zinatoboa vitambaa vya bamama. Ilikuwa inakula kuni. Inasimama porini, inakunywa maji, banaipakilia kuni, inaendelea. Na mutu wa kulisha ule moto alikuwa Mubembe wa huku Baraka. Jina yake Etabo.

Etabo ni baba ya baba yangu.

Alienda kutafuta kazi Kalemie, Muzee angali mutoto mudogo, hakurudi. Batu balisema ameoa kule, amesahau ba kwake. Muzee amebeba ile hasira maisha yote. Alikataza tusipe mutoto hata mumoja jina ya Etabo. Matanga yake pia alikataa. "Mutu aliyekimbia haliliwi."

Kumbe hakukimbia. Alikufa ku kazi. Bomba ya mashine ilipasuka, maji ya moto ikamumwagikia yote. Bakamuzika pembeni ya reli. Hakuna aliyejua jamaa yake huku Baraka, atume habari kwa nani.

Riziki akasema, "Mama, mwambie babu leo leo." Nikakataa. Kifo haisemwi ku telefone, hata kama ni ya zamani. Mwenye kuleta habari anakuja mwenyewe, anapewa kiti, jamaa inakaa, ndipo anafungua kinywa. Ni desturi yetu.

Na niseme kweli, hapa hakuna wa kunisoma. Ninataka mutoto wangu aseme mwenyewe, mbele ya batu. Mbele ya Mama Sifa.

Jumapili, tarehe 9

Riziki amepanda boti jana. Nimetangaza kanisani, mulangoni tu, si mu madhabahu. Nimefagia, nimepaka nyumba udongo mupya. Nimeazima viti.

Muzee akauliza vumbi yote hii ni ya nini. Nikasema mujukuu wako anakuja. "Anakuja na bwana?" Nikasema anakuja na akili. Akasema, "Akili hailete mbuzi hapa." Tukacheka sisi wawili. Halafu uji hakugusa.

Jumanne, tarehe 11

Ziwa imechafuka. Boti imekwama Kazimia. Hakuna anayethubutu kutoka.

Riziki alipiga, rezo inakatika katika. Babu iko namna gani? Nikasema amelegea. Akasema, "Basi sema wewe, mama. Usiningoje." Nikasema ndiyo, nitamwambia.

Nikakaa karibu ya Muzee. Maneno ilikuwa hapa ku ulimi. Akaniangalia. Nikamuuliza kama anataka maji.

Mudogo wangu Wilondja amefika kutoka Mboko na muke wake. Akasema, "Dada, kama kuna neno, useme. Huyu hangoji mutu." Nikamujibu mwenye neno iko njiani. Kesho ziwa itatulia. Viti viko tayari.

Ninaogopa.

Jumatano, tarehe 12

Muzee amekufa asubuhi. Nilikuwa nje, ninachochea moto ya uji.

Sikumwambia.

Jumamosi, tarehe 15

Tulimuzika jana. Riziki alikuwa amefika siku ya mbele, miguu imevimba, nguo zinanuka ndagala za boti. Hata hakunawa, akaenda moja kwa moja kwa babu yake.

Leo matanga ilijaa. Wilondja akamupa Riziki kiti. Akasema. Mutoto wangu anajua kusema. Batu bakasogea karibu, hata batoto. Akaeleza namna batu ba bandari balikuwa banatoka mu nyumba mbio wakisikia ile filimbi, na namna bamama balifunika batoto na pembe ya kitambaa sababu ya cheche. Akaeleza Etabo, mweusi wa masizi, meno tu inaonekana, kila mara anaomba mwendeshaji: siku moja nilete kijana wangu kutoka Baraka, nimupandishe, aone. Halafu akaeleza ile bomba.

Wilondja alilia kama mutoto. Bazee bakasema matanga iwe ya babili, baba na mutoto wake. Mama Sifa akanishika mukono. "Mama Riziki, ulizaa." Hajawahi kunisemea neno kama hiyo.

Yote niliyotaka nimepata. Haina ladha.

Ku mwisho Riziki akasema, "Babu yangu amekwenda akijua. Mama alimwambia." Batu bote bakaniangalia na huruma. Nikaangalia miguu yangu.

Jumatatu, tarehe 31

Riziki amerudia Kalemie. Mémoire imeisha, wiki hii anaipeleka. Amepiga kunisomea ukurasa wa kwanza. Ameandika: Kwa babu yangu, aliyesikia habari ya baba yake kabla ya kwenda.

Nikasema utoe hayo maneno.

"Juu ya nini, mama?"

"Hakusikia. Nilikungoja wewe."

Nilisikia moteri za boti nyuma yake, batu wanaitana.

"Nimefuta," akasema. Halafu akauliza kama nimekula.

Nikasema bado.

"Ukule, mama."

Nimepasha sombe ya jana. Nimekula kidogo.