Pampu Chumbani kwa Mama

Mwanangu amenunua tangi la samaki la lita elfu moja! Limejaza ukuta mzima wa sebule.

Mdogo wangu mpenzi, hujambo na wanao?

Mwanangu huyu ana kichwa, jamani. Wiki nzima alilinganisha machujio na pampu. Pampu ya kimya ilikuwa dhaifu, haiwezi maji mengi hivyo. Akachagua yenye nguvu, nayo inanguruma kama mashine ya kusaga. Mkwe wangu akasema sebuleni haikai. Basi wakatoboa ukuta, wakaiweka pamoja na chujio chumbani kwangu, kando ya kitanda.

“Mama masikio yake yameshachoka, hatasumbuka,” akasema mkwe.

Hilo nililisikia vizuri sana. Nikamtazama mwanangu, naye akaendelea kukaza bomba. Fundi hodari, halijavuja hata tone.

Leo siku ya tisa sijalala. Samaki hawajambo.

Nguo zangu nimeshafunga, nakuja kukaa kwako ukinikubali. Ndugu wote mmealikwa kulitazama tangi. Msifieni mwanangu, anastahili. Ila wewe njoo na gari lenye nafasi.

Ni mimi dada yako, mama wa mwenye tangi.

Siku yenyewe ni Jumamosi, saa nane mchana.