Kutu Kwenye Shingo ya Bomba

Jumatatu, 3 Machi
Maabara ya maji. Bomba limebanwa katikati kama shingo. Unapima presha kabla ya shingo na pale kwenye shingo, unapiga hesabu ya maji yanayopita, kisha yaliyoingia kwenye tangi unayagawanya kwa hesabu hiyo. Rahisi — kwenye kitabu! Jibu halitakiwi kuzidi moja. Letu: 1.08. Tumerudia mara nne. Mwenzangu, tunayemwita Rula, akachoka: pika namba, andika 0.97, twende zetu. Kapika yake. Mimi nimeandika nilichokiona.

Alhamisi, 13 Machi
Rula kumi na saba kwa ishirini. Mimi nne. Mhadhiri kaisoma ripoti yangu mbele ya darasa zima. "Dada yetu kavumbua maji yanayozaana njiani!" Kicheko. Rula naye! Nikacheka pia, mjinga mimi, nisije nikalia.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemfuata fundi wa maabara. Kabakiza mwaka mmoja astaafu. Alifunga mlango kwanza. "Kitundu cha kupimia pale shingoni kimeziba kwa kutu, mwanangu. Nimeripoti mara tatu, kila mwaka mara moja." Kumbe! Miaka mitatu, anayepika namba anafaulu, anayesema kweli anarudia somo. Yeye kashika tochi, mimi nikazibua kwa waya. Tukapima upya: 0.96! Nusura nimkumbatie.

Jumanne, 18 Machi
Nimempelekea mhadhiri namba mpya. Hakuzitazama. Kauliza tu nani kagusa bomba. Nikasema tulikuwa wawili, mimi na fundi — ulimi wangu huu! Sikujua kwamba utafiti wake, ule wa kuombea uprofesa, umejaa namba za ripoti zetu, hizo hizo za kupikwa. Mchana fundi kasimamishwa kazi. Eti kaharibu kifaa.
Mama kwenye simu: nyamaza, umalize masomo. Nikamkatia.

Jumatano, 19 Machi
Benchi nje ya ofisi ya mkuu wa idara. Naandika gotini. Wameshaniambia: nikisaini kwamba fundi alizibua peke yake, ripoti yangu itasahihishwa upya. Nisiposaini, tunaondoka wote wawili.
Fundi yuko hapa pembeni. Kavaa tai, imekaa upande. Ananong'ona: "Saini, mwanangu. Mimi nimeshazeeka." Nikamwambia waya niliushika mimi. "Najua. Saini."
Natamani angenitukana.
Karani katoka, ananiita. Nimesimama. Fundi ananyoosha mkono anipe mkoba wangu, na mimi nimeshindwa kumtazama usoni —