Stebilaiza ya Kupigia Picha Mwendo wa Mama

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Kabla sijaanza kulalamika, na kulalamika nitalalamika, nijulishe kwanza hali zenu. Kifua chako kimepona? Shemeji bado anapigishwa zamu mbili, au wamemwonea huruma? Na wale mapacha, meno ya mbele yameota? Sisi huku wazima wa kutosha. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi anagombana na redio. Mimi presha imepanda, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Kadi ya kamera, yenye video mpya ya Mama, imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kipande cha flana. Usimpelekee daktari kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na ile video ya kwanza. Maneno yako yalinichoma. Daktari wa mifupa aliitazama mara mbili, akauliza anayechechemea ni mgonjwa au mpiga picha, wewe ukacheka, kisha ukaona uniandikie kwamba ulicheka. Ahsante sana. Ulituma kamera inayoenea kiganjani, ukataka nimfuate Mama ubavuni hatua kumi na mbili, kisha nyuma yake, kisha akishuka ngazi, tena kwenye ujia ambao watu wawili hawapishani mpaka mmoja avute tumbo. Stendi ya miguu mitatu haitembei, Kaka. Mkono wa binadamu unatembea, lakini unatikisika.

Najua pia kwa nini mlinishuku. Tangu mwanzo nimepinga Mama kubadilishiwa nyonga. Nimekuandikia kurasa kwa kurasa, nimekutajia vitabu, nimeuita upasuaji ule biashara ya misumeno. Daktari naye anasema hataamua bila kuuona mwendo wake vizuri, na nafasi ya Mama katika orodha yake inafungwa mwisho wa mwezi huu. Basi mkadhani nimeitikisa kamera kwa makusudi. Sikuitikisa. Mimi nikipigana, napigana mchana kweupe.

Ndipo nikaenda kutafuta stebilaiza, kile kifaa cha kushikia kamera ili isirukeruke unapotembea. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Imenila siku tisa.

Katika duka la kwanza muuzaji hakuniuliza hata nina kamera gani. Aliniwekea mezani mtambo wa mota tatu na mipini miwili, wa kubebea kamera za watu wa sinema. "Dada, hii ndiyo inayotoka sana." Nikamwambia hata mafua yanatoka sana. Nikaitoa kamera yako mkobani, tukaifunga. Mtambo ukaanza kutetemeka wenyewe kama mbuzi aliyenyeshewa, maana mota zile zilikuwa zinatafuta uzito na uzito haupo. "Itazoea," akasema. Itazoea! Chuma!

Duka la pili walinipa kile cha simu. Makucha yake yanabana kitu bapa, na kamera yako si bapa. Ilichomoka, nikaidaka kwa magoti. Muuzaji akanishauri niifunge kwa mpira wa nywele.

Kilichonikera zaidi ni maboksi yao. Kila boksi limeandikwa uzito wa juu kabisa unaobebeka. Hakuna hata moja lililoandikwa uzito wa chini. Wameshajiamulia kwamba kila mnunuzi ana kitu kikubwa, mwenye kidogo shauri yake. Nimeandika makala juu ya jambo hilo na mhariri wa gazeti letu ameikataa, eti wasomaji wetu hawana kamera. Nikamjibu kwamba hawana ndege pia, na kila wiki anawajazia habari za viwanja vya ndege.

Aliyeniokoa ni jirani wa chini, yule mpiga video za harusi tunayemwita Kanda. Alisikiliza hotuba yangu mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kifaa kisicho na mota wala betri: mpini, kiungo kinachozunguka, na mkono wa chuma uliopinda kuelekea chini. Juu unafunga kamera, chini unaongeza na kupunguza vipande vya chuma, washa hizihizi za mafundi, visahani vyenye tundu katikati, mpaka kamera isimame wima yenyewe. Kwa kamera nyepesi, anasema, hiki ndicho.

"Ila dada, hiki hakitaki nguvu. Kinataka subira."

"Subira sina."

"Basi kaiazime kwa mama yako."

Nikapanda nacho juu. Siku tatu, Kaka, nimeinamia meza ya kulia chakula na bisibisi mkononi. Naongeza washa, kamera inasimama wima kama mlingoti. Nainua, nafungua kile kioo cha pembeni ili nione ninachopiga, kamera inalalia kushoto kama mlevi. Nashusha, nafunga kioo, napima upya, imesimama. Nainua, imelala. Nilimtukana Kanda, nikawatukana waliokibuni, nikakutukana wewe. Mama alikuwa kwenye kiti chake anamenya chungwa, ananitazama. Siku ya tatu nilipoitupa bisibisi ukutani ndipo akanena.

"We mtoto, unapopima, hicho kidirisha kiko wazi au umekifunga?"

"Nimekifunga."

"Na unapopiga?"

"Nakifungua. Nisipokifungua nitaonaje?"

"Basi unapima mzigo mmoja, unasafirisha mwingine. Miaka thelathini na moja nimekaa dirisha la vifurushi pale posta. Mtu analeta boksi, nalipima, halafu ananiambia, ngoja niongeze soksi. Namrudisha nyuma ya foleni. Mzigo unapimwa ukishafungwa kamba, mwanangu. Hilo nalo halimo vitabuni mwako?"

Halimo. Nilitia betri, nikatia kadi, nikaondoa kifuniko cha lenzi, nikafungua kioo, ndipo nikapima. Zilihitajika washa mbili tu upande wa kulia. Nikainua, nikatembea mpaka jikoni na kurudi. Kamera haikuyumba. Mama akaendelea na chungwa lake, wala hakuringa, jambo lililoniudhi zaidi.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Kusikia anapigwa picha, alivaa viatu vyake vya kazini na kupita ujiani kama anakagua gwaride. Nikamwambia, "Mama, tembea kama kawaida yako." Akasema, "Hii ndiyo kawaida yangu mbele ya wageni." Ilibidi nimtume: niletee miwani, rudisha miwani, niangalizie mlango. Mara ya nne akachoka kujikaza, akatembea.

Kisha nikakaa kuitazama. Picha imetulia. Ukuta hauchezi, mlango hauchezi, ngazi hazichezi. Anayecheza ni Mama peke yake. Bega la kushoto linazama kila hatua. Mkono unautafuta ukuta kabla mguu haujainuka. Akishuka ngazi ameuma mdomo, na akifika chini anauachia, anaupangusa uso kwa kiganja, ndipo anageuka akiwa anatabasamu. Kaka, naishi na mtu huyu. Miaka yote hii nimekuwa nikitembea mbele yake huku nasema. Kabla ya kamera hii sijawahi kutembea nyuma yake nimenyamaza.

Maoni yangu juu ya misumeno sijayabadilisha. Lakini sina hoja ya kuweka mbele ya picha ile, nami nimetafuta.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Mama, naona tuwaache wakutengeneze hiyo nyonga."

"Mimi nilishakubali tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nakungoja wewe umalize kubishana na kaka yako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningeingilia wapi?"

Basi kadi mpelekee daktari siku hiyohiyo utakayoipata. Mwambie mgonjwa amekubali, na amekubali kwa kinywa chake. Tarehe wakishaitoa nitakuja naye mwenyewe.

Msalimie Shemeji, mwambie apumzike. Wabusu mapacha. Mama Mdogo, ukimpata kwenye simu, mpe habari hii wewe, akiisikia kwangu atadhani kuna mtego. Mama anakuombea riziki, afya na usingizi mzuri, nami naitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yake.

Wako akupendaye hata akikukera,

Mdogo wako,
Bi Hoja