Vidonge vya Urefu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepata nafuu tangu walipokuhamishia kwenye kukunja mashuka huko hotelini. Sisi hatujambo. Kitinda, mdogo wangu, anakula kama mtu anayelipwa kwa kula, na mimi bado nasubiri matokeo ya mtihani huku nikijifanya siyasubiri.

Nina jambo la kukueleza, na nimechana karatasi tatu nikitafuta pa kuanzia.

Jumatatu nikifua sare ya Kitinda, nilikuta mfukoni nusu ya kidonge chake cha jioni, kimefungwa kwa kipande cha daftari. Ameandika: “Kwa Nukta. Meza, halafu simama wima.” Nukta ni rafiki yake, mtoto wa fundi viatu, darasa zima humwita hivyo kwa ufupi wake. Si unakumbuka tulimwambia Kitinda kwamba vile ni vidonge vya urefu? Basi akamwonea mwenzake huruma. Bahati nzuri alikuwa hajampa.

Nilikwenda mbio kliniki. Muuguzi wa watoto aliposikia hakuna aliyemeza, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na hii imemzidi hata Nukta kwa ufupi. Samahani, Mama, ni maneno yake. Kisha akatulia, akaniambia mtoto wa miaka kumi anastahili kujua anatibiwa nini, tena ajue kutoka kwa watu wake. Akaniagiza nikuandikie kwanza, ili ukipata ruhusa ya kazini urudi, tukae naye pamoja.

Hapo ndipo ninapoomba unisamehe. Sikungoja. Jioni ile Kitinda aliniuliza iko wapi zawadi ya Nukta. Nikafungua mdomo nidanganye, nikashindwa. Mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya daftari mwalimu akiuliza swali, nilimweleza yote: kwamba alizaliwa na virusi vya UKIMWI, kwamba dawa ndiyo inayovilaza usingizi, kwamba akimeza kila siku bila kumgawia mtu atakua, atasoma na kuzeeka kama wengine, na kwamba si kosa la mtu.

Nilimaliza kusema roho juu. Halafu akauliza kama Nukta basi atabaki vile vile. Nikasema atarefuka kwa kula. Akanuna kweli, maana alikuwa ameshamwahidi mpaka idadi ya sentimita atakazorefuka. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Jana, akishusha kidonge kwa maji, akasema sasa ameelewa kwa nini wewe ukiwa nyumbani hujifungia bafuni na glasi ya maji kila jioni. Sikumwambia, Mama; amejua mwenyewe. Nilidhani atalia. Akaniambia nikuandikie kwamba hajakukasirikia, na ukirudi usijifungie tena, njoo mezani mmeze pamoja.

Pokea salamu zake, na zangu zenye woga kidogo.

Ni mimi binti yako mkubwa,
niliyesema bila ruhusa.