Uso wa Mama Mbele ya Theluji

Yamagata, 10 Januari 1979

Dada Fumie mpenzi,

Hujambo? Studio inaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima. Mama anaimaliza achari ya figili peke yake.

Anataka apigwe picha ile itakayowekwa mbele ya ubani siku akifa. Nikamwambia, mpiga picha ni Fumie. Akacheka: “Fumie akimaliza kupima mwanga nimeshasinzia! Nipige wewe na hiyo kamera yako inayojipimia.” Anataka kusimama uani, kwenye theluji. Je, niiache ijipimie, au kuna kitu cha kugeuza?

Mdogo wako,
Kazuyo

Sendai, 15 Januari

Mdogo wangu Kazuyo,

Nafurahi kusikia Mama anakula. Mimi mzima, ila nimeudhika. Miaka ishirini na mbili niko nyuma ya kamera ya marehemu Baba, vidole vimebabuka kwa dawa za kusafishia picha, halafu Mama anamchagua aliyenunua kamera juzi ili ampige picha paka wake! Wivu ninao, sikufichi.

Usiguse kitu. Si mashine yako inajua kila kitu? Basi iache.

Dada yako,
Fumie

Sendai, 29 Januari

Kazuyo,

Mbona kimya? Mama hajambo? Nilikudanganya. Theluji inang’aa mno. Kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unatoka giza. Geuza kile kigurudumu cha juu, uongeze mwanga kwa moja na nusu. Kama umeshapiga, tafadhali mpige tena kabla theluji haijayeyuka. Nisamehe.

Fumie

Yamagata, 2 Februari

Dada yangu,

Sote hatujambo. Nilikuwa nangoja picha zisafishwe.

Habari ya kigurudumu imo kwenye kitabu kilichokuja na kamera. Nilikisoma kabla sijakuandikia. Nilikuuliza ili nawe uwe na mkono wako kwenye picha ya Mama.

Itazame. Uso unaonekana wote, hata pengo la jino. Umewahi kumpata akicheka hivyo? Nilikuwa nimemsomea jibu lako la kwanza palepale uani. Akasema, “Niliolewa na mpiga picha miaka arobaini, theluji nisiijue? Huyo Fumie ana wivu, jamani!” Akashika mbavu, nami nikabonyeza.

Filamu yenyewe nimeiweka humu. Anasema uikuze wewe, na usithubutu kumfuta mikunjo.

Mdogo wako,
Kazuyo