Aliniomba Radhi Mbele ya Watu Watano

Mtawanya

Mwanangu Hamisi,

Huku tu wazima. Mdogo wako anaota meno, usingizi sina.

Unauliza, kwa kuwa polisi wamekuachia, umshitaki shemeji yako aliyekuzushia kuwa unampiga mkeo? Mshitaki. Ila usikosee kama mimi mama yako mdogo.

Mama mkwe wangu aliungua mikono kwa mafuta ya maganda ya korosho, akizikaanga mwenyewe. Wifi akasimama ghalani siku ya mnada wa korosho, kijiji kizima kipo: “Huyu kamchoma mama yangu kwa kijinga cha moto!”

Nikafungua kesi ya kashfa, nikaomba aniombe radhi tu. Nikashinda. Akaniomba radhi mahakamani, tukiwa watu watano, karani anapiga miayo.

Nikamwambia, “Wifi, twende ukaseme na ghalani.”

Akacheka. “Hukumu imetaja ghala?”

Haikutaja, maana sikuomba. Sasa mama mkwe ananiambia, “Nikifa usije kuniosha, mwanangu. Watayaona makovu, wakutazame wewe.”

Kwenye hati yako ya madai andika na mahali: akanushe palepale aliposemea. Usimwonee huruma. Mimi nilimwonea.

Mama yako mdogo,
Zainabu