Jike Kwanza

Bonde la Tveit, Wisconsin
9 Agosti 2019

Binti yangu Karna,

Hujambo huko jangwani? Joto halijakumaliza? Mimi mzima, isipokuwa bega, na bega si habari mpya.

Habari ni hii: kura ya kaunti ya kugawa vibali vya kuwinda imepigwa na jina langu limetoka! Wawindaji kumi na wawili wa upinde tutaingia hifadhini msimu huu, maana kulungu wamezidi, wanatafuna kila mche wa mwaloni unaochomoza. Na hifadhi yenyewe unaijua: shamba la babu yako, tuliloiuzia kaunti alipofariki. Tangu yule afisa wa hifadhi, Dena Brueggeman, aninase mle na upinde bila kibali, nikafungiwa misimu miwili, sijakanyaga. Safari hii napita lango kuu, mchana kweupe.

Ila eti kwanza nifanye mtihani wa shabaha. Mimi! Nilianza kuwinda Dena hajazaliwa.

Baba yako,
Verlyn

Tucson
21 Agosti 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na nimefurahi hadi nikampigia paka kelele.

Lakini nakujua wewe. Soma masharti yote, usirukeruke. Jike kwanza: ni marufuku kugusa dume kabla hujaandikisha jike. Ukivunja sharti moja tu wanakufungia maisha, na Dena hana mchezo.

Na Baba, vaa miwani.

Mwanao,
Karna

Bonde la Tveit
15 Septemba 2019

Karna mwanangu,

Salamu. Afya ipo, heshima haipo. Nimefeli.

Mishale mitano, hatua ishirini, duara la ukubwa wa sahani kwenye robota la nyasi. Minne iingie. Yangu iliingia miwili. Unajua mila yetu: anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati, likatundikwa ukutani. Mimi nimekatwa kwa kukosa robota la nyasi! Jirani Arlo alileta mkasi wa jikoni, akacheka hadi akakaa chini.

Sikuvaa miwani. Usiseme neno.

Nafasi ya mwisho ni tarehe ishirini na tisa. Nikishindwa tena, kwa umri huu kura nyingine haitanikuta. Nitakufa nikilitazama shamba la baba yangu kutoka barabarani. Hilo linaniuma, mwanangu.

Baba yako

Tucson
29 Desemba 2019

Baba,

Shikamoo. Bega linaendeleaje?

Kadi yako ilikuwa na maneno mawili: “Mitano yote!” Nililia kazini, katikati ya wodi, wagonjwa wakadhani kuna msiba. Halafu miezi mitatu kimya! Msimu unaisha Jumapili ijayo. Arlo ananiandikia kwamba hujapata jike hata mmoja, na kwamba kuna dume la pembe zenye matawi kumi na mawili linapita mbele yako kana kwamba shamba ni lake.

Baba, nakusihi, usiliguse. Niandikie hata neno moja.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Karna

Bonde la Tveit
6 Januari 2020

Karna, Karna, Karna!

Bega limekufa kabisa na sijali!

Lile dume lilinijia mara tatu. Mara ya tatu lilisimama hatua kumi na tano, likajikuna kwenye mti, limetulia tuli kana kwamba limeyasoma masharti. Nililitukana kimoyomoyo matusi yote ya bibi yako. Lakini upinde niliuacha magotini.

Jana alasiri, zimebaki kama dakika arobaini msimu ufungwe, jike akatokea kijitoni, pale babu yako alipokuwa akinyweshea ng'ombe. Mshale mmoja tu. Hakufika mbali. Nilimshukuru, kisha nikapiga ukelele hadi kunguru wakatawanyika. Arlo alikuja kunisaidia kumburuta kwenye theluji. Nilimfukuza.

Dena alikuwa langoni. “Mzee Verlyn,” akasema, “nilishaanza kudhani umeruka uzio.”

“Ruka wewe, mie mtu mzima,” nikamjibu.

Akacheka, akanipa fomu. Mnyama: kulungu jike. Mahali alipopigwa: hapo unatakiwa kuandika namba ya eneo. Mkono wangu ukaandika “Shamba la baba yangu.” Nikasoma nilichoandika. Nikajua nimeharibu kila kitu.

Dena alisoma taratibu. Akachukua kalamu, pembeni akaongeza kwa herufi ndogo, “Eneo la nne.” Maneno yangu hakuyakata. Akagonga muhuri.

Baba yako